Pombe, Bei na Mahali Tunapoishi

Somo la vikundi vya nyumbani. Tusome kwanza: Mithali 23:29-35, Mithali 31:4-9 na Luka 10:30-37.

Somo la juma hili limeandaliwa na sisi wa kamati ya afya, ambao wengi wetu tunafanya kazi hospitalini au kwenye kea. Viongozi wa vikundi wametuomba tuzungumzie pombe, na wametuomba tusizunguke mbuyu.

Hatutauliza kama kunywa ni dhambi au si dhambi. Hilo wachungaji wamelifundisha, na tunajua kwamba humu kanisani wamo waliolelewa katika makanisa ambako hata kushika chupa ni mwiko, na wamo waliotoka Kilimanjaro ambako sherehe ya ubatizo bila mbege haikuwa sherehe. Tunauliza jambo jingine. Kwa nini pombe inaua zaidi mahali fulani kuliko mahali pengine? Ni nini kimefanywa kupunguza vifo hivyo? Na sisi tuliopo hapa Glasgow tunaingia wapi?

Familia zinazohamia kwetu kutoka Birmingham au London huligundua jambo hili kwanza dukani. Wanaona duka lilelile la minyororo, nembo ileile, lakini pombe ya bei rahisi waliyoizoea kuiona kule haipo hapa, au ipo kwa bei ya juu. Wanaona pia kwamba kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa nne usiku sehemu ya pombe imefungwa. Wengine wamedhani ni mwenye duka ana ukali wake. Ni sheria, na ina historia yenye makaburi mengi nyuma yake.

Makaburi yako wapi

Tukubaliane kwanza juu ya majina. Katika somo hili Uingereza ni nchi zote nne pamoja: Scotland, England, Wales na Ireland ya Kaskazini. England ni England peke yake.

Mwaka 2023 watu 10,473 walikufa Uingereza nzima kwa sababu zinazotokana na pombe moja kwa moja. Hesabu hiyo haina ndani yake wote waliogongwa na dereva mlevi, wala waliouawa katika ugomvi, wala saratani ambazo pombe huchangia. Ni wale tu ambao bila pombe kifo chao kisingekuwepo. Karibu robo tatu yao walikufa kwa ugonjwa wa ini: ini linajaa mafuta, kisha linavimba, kisha linageuka makovu, na mwenyewe haumwi chochote mpaka siku macho yanapokuwa ya njano na tumbo linapojaa maji.

Sasa tazameni tofauti. Kwa kila watu 100,000, England ilipoteza 15. Wales ilipoteza 17.7, Ireland ya Kaskazini 18.5, na Scotland 22.6. Mtu akiishia hapo atasema, basi Waskoti ndivyo walivyo. Wako wanaosema hivyo hata humu kwetu, kwa kicheko, kwenye chai baada ya ibada. Lakini England yenyewe ukiigawa kwa kanda, Kaskazini Mashariki, yaani Newcastle, Sunderland na Middlesbrough, ilipoteza 25.7 kwa kila watu 100,000 mwaka huohuo. Hiyo ni zaidi ya Scotland. Damu si ileile, wala lafudhi. Kinachofanana kati ya Sunderland na Glasgow ni viwanda vya meli vilivyofungwa, migodi ya makaa iliyofungwa, na mitaa ambayo baba alikuwa na kazi lakini mtoto wake hana.

Na ndani ya Scotland ni vilevile. Glasgow na Inverclyde ziko juu ya wastani wa nchi. Mwaka 2023, mtu wa mitaa maskini zaidi ya Scotland alikuwa na hatari ya kufa kwa pombe zaidi ya mara 4 kuliko mtu wa mitaa yenye uwezo zaidi. Wengi wetu tumepangishwa katika mitaa hiyo hiyo ya kwanza. Hatukuichagua, wengine tuliletwa na basi, na ufunguo tukapewa.

Hapa kuna jambo linalowashangaza hata wauguzi wenzetu wazoefu. Ungedhani kwamba maskini wanakufa zaidi kwa sababu wanakunywa zaidi. Sivyo ilivyo. Utafiti uliofanywa hapa Scotland na kuchapishwa mwaka 2017 ulilinganisha watu waliosema wanakunywa kiasi kilekile kwa wiki, ukaona kwamba wale wa hali ya chini bado ndio walioumia zaidi. Hata baada ya kuhesabu sigara na unene, pengo halikuisha. Glasi ileile inayomwacha mwanasheria akiwa na kichwa kizito inamfikisha mfagiaji hospitalini. Chakula kina sehemu, usingizi una sehemu, msongo wa mawazo una sehemu, na kuchelewa kumwona daktari kuna sehemu kubwa.

Ndiyo maana tumeweka Mithali 31 kati ya masomo. Watu hukumbuka ile sehemu ya mama wa mfalme Lemueli akimwonya mwanawe kwamba wafalme wasilewe, wakasahau haki za wanyonge. Mistari inayofuata huwa tunairuka: pale maandiko yanapotaja kileo na mtu aliye hoi, anayekunywa ili asahau umaskini wake. Maandiko yanajua kwa nini maskini hunywa. Halafu, bila kupumzika, yanamwamuru mfalme afungue kinywa chake kwa ajili ya wasio na sauti. Hayo yote yako katika kipande kimoja, na tunadhani hayakuwekwa pamoja kwa bahati.

Scotland ilivyofungua kinywa

Mwaka 2006 watu 1,417 walikufa kwa pombe hapa Scotland. Huo ndio uliokuwa mwaka mbaya kuliko yote. Serikali ikaanza kubana mlango mmoja baada ya mwingine. Kuanzia Oktoba 2011 maduka yalikatazwa zile ofa za kununua mbili upewe ya tatu. Mwaka 2012 bunge la Edinburgh likapitisha sheria ya bei ya chini, kwamba hakuna kileo kitakachouzwa chini ya kiwango fulani kwa kila yuniti.

Tueleze yuniti, kwa sababu bila hiyo mengine hayaeleweki. Yuniti moja ni mililita 10 za kilevi chenyewe, yaani kilevi kitupu bila maji. Kupata yuniti za chupa, chukua lita zilizomo uzidishe kwa ile asilimia iliyoandikwa kwenye lebo. Chupa ya whisky ya mililita 700 yenye asilimia 40: 0.7 mara 40, ni yuniti 28. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12 ni yuniti 9. Painti moja ya bia ya asilimia 4 ni yuniti 2.3 hivi. Madaktari wakuu wa Uingereza walitangaza mwaka 2016 kwamba mtu mzima, mwanamume au mwanamke, asizidishe yuniti 14 kwa wiki, na azigawe kwa siku kadhaa. Mama mjamzito salama yake ni kutokunywa kabisa.

Sasa chukueni saida, ile pombe ya matofaa, chupa kubwa ya plastiki ya lita 3 yenye asilimia 7.5. Ina yuniti 22.5. Kabla ya sheria iliwezekana kuinunua kwa takriban pauni 4 au pungufu. Yaani kwa pauni 4 mtu alibeba kilevi cha wiki moja na nusu, na wengi waliimaliza kwa siku moja. Hakuna aliyenunua ile chupa kwa sababu ya utamu wake. Sheria ilipoanza tarehe 1 Mei 2018, kwa peni 50 kwa yuniti, chupa hiyo haikuweza tena kuuzwa chini ya pauni 11.25. Tangu tarehe 30 Septemba 2024 kiwango ni peni 65, kwa hiyo ni pauni 14.63. Whisky yetu ya yuniti 28 haishuki chini ya pauni 18.20. Mvinyo wa kawaida wa mezani haukuguswa sana, kwa sababu tayari ulikuwa juu ya kiwango. Sheria ililenga ile pombe kali ya bei ya maji.

Mtaona kuna miaka sita kati ya 2012 na 2018. Wafanyabiashara wa whisky walikwenda mahakamani, na kesi ilitoka Edinburgh ikafika hadi mahakama ya Ulaya, ikarudi, mpaka Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza iliposema tarehe 15 Novemba 2017 kwamba sheria ni halali. Miaka yote hiyo ile chupa kubwa ilikuwa rafuni. Wales ikafuata mwaka 2020, Jamhuri ya Ireland mwaka 2022. England haijafuata.

Je, ilisaidia? Kitengo cha afya ya jamii cha Scotland kilifuatilia kwa kulinganisha na England, ambako bei haikuwekwa. Katika miezi 32 ya kwanza, vifo vilivyosababishwa na pombe moja kwa moja vilikuwa pungufu kwa asilimia 13.4 kuliko ambavyo vingekuwa. Hiyo ni wastani wa watu 156 kwa mwaka ambao hawakuzikwa. Na waliopona zaidi ni wanaume, na watu wa mitaa maskini. Sisi tunaopenda kusema kwamba sheria haibadilishi moyo wa mtu, tutafakari hapo. Moyo labda haukubadilika, lakini baba wa mtu yuko hai.

Kuna atakayesema, mbona vifo vya Scotland vilipanda tena hadi 1,277 mwaka 2023? Ni kweli. Korona iliwafungia watu ndani na chupa zao, na vifo vikapanda kote. Lakini Uingereza nzima ilitoka 7,565 mwaka 2019 hadi hao 10,473, kupanda kwa zaidi ya theluthi. Scotland ilitoka 1,020, kupanda kwa robo. Mwaka 2024 ikashuka hadi 1,185.

Kasoro ipo, na tuiseme. Zile pesa za ziada hazikusanywi na serikali kama kodi. Zinabaki kwa mwenye duka. Hakuna hata peni moja inayolazimishwa na sheria hii kwenda kwenye matibabu. Mtu maskini analipa zaidi, duka linapata zaidi, na foleni ya matibabu inabaki palepale. Sisi hatuoni kwamba hilo ni sawa.

Nyumbani nako walijaribu njia za aina hii. Tanzania ilipopiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, wazo lilikuwa lilelile: ondoa kile kipimo kidogo cha bei ndogo ambacho hata mwanafunzi anaweza kukificha soksini. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2010 ambayo wote tunaiita sheria ya Mututho, ilibana saa za baa. Tofauti kubwa ni kwamba hapa karibu pombe yote inapita dukani penye mashine ya kodi, wakati kwetu gongo na chang'aa hazijui rafu. Ukipandisha bei ya chupa iliyofungwa bila kushughulikia ile ya mtungi, mtu anahamia mtungini, na mtungi una hatari ya methanoli. Wasomaji wa Kenya wanakumbuka Mei 2014, makumi ya watu walipokufa na wengine kupofuka kwa pombe ya aina hiyo.

Ambaye bei haimfikii

Sasa tumefika tulikokusudia.

Uchunguzi uleule uliosema kuhusu hao watu 156 ulisema jambo jingine. Kwa mtu ambaye mwili wake tayari umefungwa na pombe, haukupata ushahidi wa wazi kwamba bei ilimpunguzia kunywa. Wengine wa hali ya chini walipunguza chakula ili chupa ipatikane. Sheria ya bei inazuia watu wasifike shimoni. Aliyekwisha kutumbukia anahitaji mkono.

Na huyo aliyetumbukia, akiwa Mswahili na mkristo hapa Glasgow, amejificha mara mbili. Waskoti wana baa. Mlevi wao anaonekana. Kule kwetu kulikuwa na kilabu, na mbege au ulanzi au urwarwa ulinywewa kwa kibuyu kinachozunguka, wazee wakikuona na kukuhesabu. Huku mtu anakunywa peke yake, chumbani, kati ya shifti ya usiku na usingizi, pazia limefungwa, na Jumapili anakuja na suti. Tunamjua kwa peremende ya mnanaa. Tunamjua kwa kutokuja tena. Mke wake anasema ni uchovu wa kazi, maana akisema kweli habari itafika Mwanza au Bukavu kabla ya jioni.

Basi siku moja anashikwa na maneno ya mahubiri, au anajiunga na mfungo wa Januari, anamwaga chupa kwenye sinki, na kanisa linashangilia. Wapendwa, hapo ndipo tunapotaka kila kiongozi wa kikundi asome polepole.

Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa miezi au miaka, akiacha ghafla, anaweza kufa. Hili si la imani haba. Pombe kwa muda mrefu huutuliza ubongo, na ubongo hujibu kwa kujiongezea kasi. Ukiondoa pombe kwa mara moja, ile kasi inabaki bila breki. Ndani ya saa 6 hadi 24 anaanza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika, moyo kwenda mbio. Wengine huita arosto. Kati ya saa 12 na 48 anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi kuwa nacho. Siku ya pili au ya tatu wengine huingia katika maruweruwe: anaona wadudu ukutani, anaongea na marehemu, homa inapanda, hajui aliko. Sisi tunaofanya kazi wodini tumewapokea watu katika hali hiyo, na tunajua pia kwamba katika nyumba zetu hali hiyo inaweza kupewa jina la mapepo. Watu wakaanza kukemea. Wakati wanakemea, saa zinakwenda. Ombeni, tafadhali ombeni, lakini mmoja wenu awe anapiga 999 wakati wengine wanaomba.

Utamjuaje aliye katika hatari hiyo? Muulize kwa upole maswali machache. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate kidogo? Anazimua kila siku, yaani anaanza siku kwa pombe ili apate nafuu, au kama wanavyosema Nairobi, anatoa lock? Aliwahi kujaribu kuacha akaugua, akaanguka, akaona vitu? Anakunywa chupa ya pombe kali kwa siku moja au mbili? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linatosha. Huyo asiambiwe aache leo. Asifunge, hata mfungo wa nusu siku, na asipewe ushuhuda wa kusimama mbele Jumapili ijayo. Apelekwe kwa GP, asikate ghafla mpaka aonwe, na ale chakula. Daktari atampangia kupunguza au kuachishwa kwa dawa za siku kadhaa, na atampa vitamini B1, kwa sababu pombe huimaliza mwilini, na ikiisha ubongo huharibika kumbukumbu moja kwa moja. Kuacha kwa njia hiyo hakumpunguzii Mungu utukufu.

Tunajua hofu zilizopo, kwa hiyo tuzijibu. Gharama: kuandikishwa kwa GP na kuonwa ni bure, hata kwa ambaye kesi yake ya ukimbizi haijaisha, na dawa za cheti cha daktari Scotland ni bure. Lugha: omba mkalimani wa Kiswahili unapopiga simu ya miadi; ni haki yako na hulipi. Mtoto wako asiwe mkalimani wa jambo hili, hata kama Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha daktari. Siri: GP hamwambii mwajiri wako wala mchungaji wako. Ambaye GP ni mbali naye anaweza kupiga Drinkline Scotland, 0800 7 314 314, bila malipo na bila kutaja jina, au kwenda kwenye huduma za pombe na dawa za kulevya za mtaa wake, ambazo kwa kawaida hupokea hata aliyejileta mwenyewe.

Hofu moja ni ya kweli na hatutaificha. Mwenye tatizo la pombe anatakiwa na sheria awajulishe DVLA, na leseni inaweza kusimamishwa. Kwa mtu wa teksi au wa kea ya kuzunguka majumbani, leseni ndiyo unga wa nyumbani. Lakini leseni iliyosimamishwa kwa ugonjwa inaweza kuombwa tena mtu akishapona kwa muda uliowekwa. Hukumu ya kuendesha ukiwa umelewa ni kosa la jinai, na utaulizwa habari zake unapoomba uraia.

Na hapo kuna tofauti nyingine ya mahali ambayo wanaokwenda harusi England wanaisahau. Tangu Desemba 2014 kiwango cha Scotland ni miligramu 50 za kilevi kwa mililita 100 za damu. England bado ni 80. Unaweza kuwasha gari Carlisle ukiwa halali, ukavuka Gretna ukiwa mhalifu, bila kuongeza hata tone. Mwili wa wastani huondoa kama yuniti moja kwa saa. Aliyeanza nusu chupa ya whisky saa mbili usiku, yuniti 14, saa moja asubuhi anapokwenda shifti bado hajazimaliza zote, hata kama ameoga na kunywa chai ya tangawizi. (Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow waliona kwamba kushusha kiwango peke yake hakukupunguza ajali. Ukaguzi barabarani haukuongezeka ipasavyo. Sheria isiyosimamiwa inabaki karatasi.)

Mwisho, kuhusu kinywa kwa ajili ya wasio na sauti. Sheria ya leseni za pombe ya Scotland, tofauti na ya England, inataja afya ya jamii kama moja ya mambo ambayo bodi ya leseni lazima izingatie. Na mtu yeyote anaweza kupeleka pingamizi au maoni, hata asiye raia, hata mmoja. Duka jipya linapoomba leseni, tangazo hubandikwa pale pale. Tupite tukisoma matangazo hayo katika mitaa yetu, kama tunavyosoma ya nyumba za kupanga. Kamati itamsaidia yeyote kuandika barua kwa Kiingereza.

Maswali ya kikundi

1. Msamaria wa Luka 10 hakuuliza yule mtu alikuwa anafanya nini njiani saa hiyo. Alilipa dinari mbili na kuahidi kurudi. Mtu wa kikundi chetu akianza kuachishwa pombe kwa daktari wiki ijayo, nani atakaa naye usiku, nani atachukua watoto shule, na nani atapika?

2. Katika kikundi hiki, mke anayeficha chupa za mumewe, au mume anayeficha za mkewe, angeweza kumwambia nani bila habari kusafiri? Kama hakuna jina linalokuja, kikundi kikae kimya dakika chache kwanza, kisha mlizungumze.

3. Mfungo wa Januari ukikaribia, nani atauliza yale maswali machache, na atayauliza wapi ili mtu asiaibike?

Majibu ya swali la tatu tunaomba mtuletee kamati kabla ya tangazo la mfungo kutoka.